Maswali ya Wasomaji: Hadithi Inapohama Karatasi

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia jambo moja. Mtu ana hadithi nzuri, kaihamisha kutoka chombo kimoja kwenda kingine, nayo imeharibika njiani. Gazeti, simu, redio na daftari la babu vyote huikata hadithi, kila kimoja kwa namna yake, na asiyejua itakatwa wapi huachwa na kipande cha neno mkononi. Tumechagua barua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lake limejificha ndani ya sarufi yetu wenyewe.

Shikamooni wahariri. Naandika simulizi Facebook na kwenye kundi la WhatsApp. Sehemu ya 1 hadi ya 6 zilisomwa sana, watu wakawa wanasema wana arosto, yaani hamu kali ya sehemu inayofuata. Kuanzia ya 7 wanauliza "huyu ni nani tena?" na wengine wamenyamaza kabisa. Sijabadilisha kitu. Nakosea wapi, na kila sehemu iwe na urefu gani? Nimeambatisha sehemu zote saba.
*Msimulizi, Mwanza*

Marahaba. Sehemu yako ya 7 inaanza hivi:

"Akageuka akamtazama. Hakuamini. Alimkumbuka vizuri, ndiye aliyemwambia kuwa hatarudi tena."

Hesabu watu walio ndani ya sentensi hizo tatu. Wewe unajua ni wawili, na unajua nani ni nani. Msomaji hana hata jina moja la kushikilia. Kiambishi *a-* cha Kiswahili ni cha mwanamke na cha mwanamume, cha mtoto na cha mzee, *-m-* vilevile. Katika kitabu hilo halisumbui, maana jicho hupanda juu ya ukurasa, likakuta jina, likarudi. Kwenye simu jina liko katika Sehemu ya 6, na Sehemu ya 6 ilitumwa siku tatu zilizopita, juu yake zimeshapita salamu za asubuhi, michango ya harusi na matangazo ya viwanja. Hapandi mtu huko.

Kuna na kosa la pili, dogo lakini baya zaidi: umeanza na *-ka-*. "Akageuka" ni kitenzi kinachofuata kingine, *aliinuka akageuka*. Ukikiweka mwanzoni mwa sehemu, msomaji anahisi kapitwa na kitu hata kama hakuna kilichompita. Anza na *-li-*, au na hali ya mahali, kisha *-ka-* zifuate kwa wingi upendavyo. Tumejaribu hivi:

"Zubeda aligeuka, akamwona fundi Makame amesimama mlangoni. Hakuamini. Mwanamume huyu ndiye aliyemwapia, usiku ule wa msiba, kwamba hatarudi tena Pangani."

Yameongezeka maneno kumi tu, lakini sasa tuna majina mawili, mahali, na kumbukumbu ya sehemu iliyopita bila kuieleza upya. Jiwekee sharti kwamba sentensi ya kwanza ya kila sehemu ibebe jina la mtu, na ya pili au ya tatu ibebe mahali au uhusiano. Sehemu zako sita za mwanzo hazikuhitaji sharti hilo kwa sababu wahusika walikuwa wawili. Katika ya 7 wamefika watano, na ndiyo maana unaona hukubadilisha kitu.

Kipande cha ILIPOISHIA, kile cha kukumbushia sehemu iliyopita, kisizidi maneno 50. Wengi hunakili aya mbili nzima za mwisho, na msomaji wa kila siku huziruka, akiziruka hupita na mwanzo mpya. Usinakili. Andika sentensi mbili zinazotaja nani, wapi, na swali gani lilibaki.

Urefu: maneno 600 hadi 900. Skrini ya simu ya kawaida, kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida, hubeba maneno 80 hadi 120 hivi, kwa hiyo maneno 800 ni skrini 7 hadi 10. Hapo mtu anamaliza akiwa kwenye daladala. Chini ya 400 watu wanahisi wamepunjwa; ukivuka 1,200 wanasema "nitasoma baadaye", na baadaye haiji. Aya zako nazo ni ndefu mno. Aya ya maneno 150 kitabuni ni kitu cha kawaida, ila kwenye simu ni ukuta unaojaza skrini nzima bila pa kupumzikia. Shusha hadi maneno 40 au 60, na mazungumzo ya kila mtu yaanze mstari wake.

Mahali pa kukata panahitaji kazi kuliko yote. Sehemu zako nne kati ya saba zinaishia kwa simu kuita au mlango kugongwa. Mara ya kwanza inashtua. Mara ya nne msomaji ameshajua kwamba mlangoni yuko jirani anaomba chumvi. Kukata kuzuri hufuata uamuzi: Zubeda ameshaishika barua, anajua ikifunguliwa hatarudi nyuma, na anaifungua. Kata hapo. Msomaji anaondoka na swali juu ya mtu anayemfahamu, na swali la namna hiyo hulala naye.

Mengine ni ya utaratibu. Usitume Sehemu ya 1 kabla hujawa na kumi mkononi, kwa sababu wiki utakayougua au umeme utakapokatika ndiyo wiki wasomaji watakapozoea kukukosa. Weka daftari moja la wahusika: jina, umri, kazi, kovu liko mkono upi, gari ni la rangi gani, nani ameshakufa. Simulizi za mfululizo hufia hapa mara nyingi. Marehemu wa Sehemu ya 9 anapokea simu katika ya 21, na msomaji mmoja akiliona kosa hilo, kundi zima linaliona. Andika namba kwa tarakimu mbili, 07 na si 7, ili mafaili yajipange yenyewe. Bila sifuri hiyo simu nyingi zitaweka 10 na 11 kabla ya 2. Facebook haipangi machapisho kwa tarehe, hivyo mtu anaweza kukutana na ya 8 kabla ya 7. Weka kiungo cha sehemu iliyotangulia kwenye maoni ya kwanza. Na kila ukitimiza sehemu kumi, ziunganishe kwenye faili moja kwa ajili ya wanaojiunga leo.

Jina lako liandike ndani ya maandishi yenyewe, juu na chini. Ujumbe wa WhatsApp unaposambazwa huondoka bila jina la aliyeuandika. Ukishapita mikono mitano hubandikwa alama ya kwamba umesambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo haupelekwi zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, Tanzania na Kenya zote zimo katika Mkataba wa Berne, na mkataba huo hauhitaji usajili ili haki iwepo. Lakini haki bila jina ni kazi ngumu kuithibitisha.

Ndugu wahariri, tunawatumia wazazi wa shule yetu visa vifupi vya kusomea watoto kwa SMS, kwa kuwa wengi wana vitochi, zile simu ndogo za vitufe. Ujumbe ukiwa na herufi 148 wakati mwingine tunatozwa SMS moja, wakati mwingine tatu. Kampuni inasema mfumo uko sawa. Ni nini hasa?
*Mwalimu, Tanga*

Mwalimu, kagua alama ya *ng'*.

SMS moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za kawaida za mfumo huo zinakaa kwa biti 7 kila moja, ndiyo tunapata herufi 160. Ikitokea alama moja tu ambayo haimo katika orodha yake, ujumbe wote, si ile alama peke yake, unabadilishwa na kuandikwa kwa biti 16 kila herufi. Nafasi inashuka hadi 70. Na ujumbe ukigawanywa, kila kipande kinapoteza nafasi ya kuunganishia, hivyo ni 153 badala ya 160, na 67 badala ya 70. Herufi 148 kwa mafungu ya 67 ni SMS tatu. Kampuni inasema kweli.

Kigingi kilichonyooka (') kimo katika orodha. Kigingi kilichopinda (’) hakimo. iPhone hukipinda chenyewe, na programu za kuandikia kwenye kompyuta hufanya hivyo pia. Kwa hiyo kisa chenye *ng'ombe*, *ng'ambo* au *kung'oa* kinagharimu mara tatu, na kisa cha mbuzi kinagharimu mara moja. Wakosaji wengine ni alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu, nukta tatu zilizoandikwa kama alama moja, na vikatuni vya nyuso. Mabano ya mraba yamo, lakini kila moja huhesabiwa kama herufi mbili.

Kwenye iPhone zima "Smart Punctuation" katika mipangilio ya kibodi. Kwenye Android yenye programu ya Messages ya Google, tafuta "Use simple characters" katika mipangilio yake ya ziada na uiwashe. Kwenye kompyuta, bandika maandishi kwenye Notepad, tafuta ’ na ubadilishe zote kuwa ' kabla ya kutuma.

Neno moja kuhusu visa vyenyewe. "Hapo zamani za kale paliondokea" ni herufi 31, karibu moja ya tano ya nafasi yote. Mdomoni maneno hayo yana kazi, yanawatuliza watoto. Ndani ya SMS yanakula kisa. Mwachieni mzazi ayaseme mwenyewe, ninyi anzeni na jina na tendo. Kitenzi chetu kinabeba mengi, *nitakapomkuta* ni neno moja, kwa hiyo tukio moja kamili linaenea vizuri katika 160 mradi liwe moja.

Salamu kwenu nyote. Mimi hutunga mashairi ya tarbia, yaani ya mishororo minne kila ubeti. Nikiyatuma kwa simu mishororo yote inavunjika, vina vinapotea. Nimejaribu kusogeza vipande kwa nafasi nyingi ili vikae safu mbili, ikawa mbaya zaidi. Naweka ubeti:

*Simu yangu ya mkono, imekata zangu tungo*
*Nimetunga kwa mfano, kila beti na mpango*
*Umekatika mshono, mishororo ina pengo*
*Vina vyangu vya maneno, vimetoka kwenye lengo*

*Malenga, Lamu*

Malenga, mizani yako, yaani hesabu ya silabi, imetimia, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho havina kasoro. Tatizo ni upana. Mshororo wako wa kwanza, ukihesabu nafasi na koma, una alama 40. Wa nne una 45. Simu nyingi zikishikwa wima huonyesha alama 35 hivi kwa mstari. Basi "Simu yangu ya mkono, imekata zangu" inakaa juu, na "tungo" inaanguka chini peke yake. Jicho linaona mstari unaoishia kwa *zangu*, kina cha *-ngo* kimepotea.

Nafasi ulizozirundika hazisaidii kwa sababu mbili. Katika maandishi ya simu *i* ni nyembamba na *m* ni pana, kwa hiyo nafasi kumi hazifiki mahali pamoja katika mistari miwili tofauti. Tena kurasa nyingi za intaneti zikikuta nafasi kumi zinazifanya moja.

Dawa ni kukata wewe mwenyewe, pale shairi linapokatika kwa haki yake, yaani kwenye kituo cha kati:

Simu yangu ya mkono,
imekata zangu tungo
Nimetunga kwa mfano,
kila beti na mpango

Ukwapi (kipande cha kwanza) mwanzo wake herufi kubwa, utao (kipande cha pili) herufi ndogo, mstari mtupu mmoja baada ya kila ubeti. Kila mstari sasa hauzidi alama 23, na ni vigumu simu kuuvunja. Baadhi ya watunzi watakuambia hiyo si tarbia tena kwa kuwa ina mistari minane. Hatukubaliani nao. Idadi ya mishororo huamuliwa na mizani na vina, karatasi haina usemi hapo. Katika miswada mingi ya kale ya tenzi kwa hati ya Kiarabu, ubeti mzima wa vipande vinne uliandikwa kwenye mstari mmoja, na kipande kikatengwa na kingine kwa alama ya urembo. Vitabu vya chapa ndivyo vilivyoupanga ubeti uleule mistari minne. Simu si ya kwanza kuupanga upya.

Gharama iko hapa: Facebook hukunja chapisho baada ya mistari michache, hivyo ubeti wa mistari minane unaweza kufichwa katikati. Chagua ubeti wenye nguvu uwe wa kwanza, usiuweke ule wa kuomba idhini na kumsalimu mhariri.

Ukipenda kutuma picha ya shairi, tumia picha ya pikseli 1080 kwa 1350, beti mbili na si zaidi. Weka na maandishi yake chini. Picha si rahisi kuitafuta, na programu zinazowasomea wasioona haziwezi kuitegemea.

Wahariri, habari zenu. Klabu yetu ya Kiswahili shuleni inataka kugeuza hadithi fupi kuwa ya kusikiliza, dakika 12 hivi. Tuliijaribu kwa simu ya mwalimu, watu wakasema hawaelewi nani anaongea, na faili ilikuwa nzito hata haikutumika. Tusaidieni.
*Wanafunzi, Nakuru*

Salama, wanetu. Anzeni na saa. Chukueni maneno 110 kwa dakika kama kipimo cha kuanzia, kisha mpime msomaji wenu kwa ukurasa mmoja mrekebishe. Dakika 12, ukiondoa muziki wa kufungulia na wa kufungia, zinabaki 11. Hizo ni maneno 1,200 tu. Hadithi yenu ikiwa na 2,500, kupunguza hapa na pale hakutoshi. Ondoeni mhusika mmoja na kisa chake chote.

Kuhusu nani anaongea, ugonjwa ni uleule tuliomweleza msimulizi wa Mwanza, ila kwenye sauti unauma zaidi. Kwenye karatasi mnaandika: "Sitaki!" alisema Rehema. Msikilizaji anapata neno kabla ya kumjua mwenye neno. Geuzeni: jina litangulie, maneno yafuate. Mkigawana sauti, watu watatu katika onyesho moja wanatosha, wanne ni mwisho, na majina yasifanane. Juma, Jumbe na Jamila ndani ya chumba kimoja ni balaa. Katika mchezo wa redio *Twende na Wakati*, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, kulikuwa na dereva wa lori Mkwaju, mwanamke Tunu, na mshonaji Fundi Mitindo. Yatamkeni kwa sauti majina hayo matatu. Hata redio ikikoroma huwezi kuyachanganya.

Pitieni hadithi mkitafuta kila kinachoonekana bila kusikika. "Akatikisa kichwa" haisikiki. Mwache aseme "La" au avute pumzi. "Mvua ilianza" isemwe mara moja, kisha sauti ya mvua iendelee yenyewe. Mabano, "n.k." na tarehe ndefu viandikeni kama vitakavyotamkwa.

Mkitaka kufungua kwa "Paukwa!", acheni sekunde moja na nusu kabla ya kuendelea. Msikilizaji wa mbali naye atajibu "Pakawa", hata kwa moyo, na msipomwachia nafasi mnamkatiza.

Kurekodi: chumba chenye pazia, magodoro au nguo nyingi, darasa tupu lina mwangwi. Zima feni. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Ishikeni umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, msiielekeze moja kwa moja, maana *p* na *b* hupuliza upepo na kugonga kinasa sauti. Kabla ya neno la kwanza nyamazeni sekunde tano mkiwa mnarekodi. Ukimya huo ndio mtakaouonyesha Audacity, programu ya bure, ili ijue kelele ya chumba ni ipi na kuipunguza. Chini ya paa la bati msirekodi mvua ikinyesha, hakuna programu itakayowaokoa.

Uzito ni hesabu. Faili ya WAV, ambayo haijabanwa, ya sauti moja (mono), sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, ni MB 5.3 kwa dakika. Dakika 12 zinafika MB 63. Bila shaka ndiyo mliyotuma. Itoeni kama MP3, ambayo imebanwa, mono, kbps 64 (kilobiti 64 kwa sekunde): KB 480 kwa dakika, yaani MB 5.8 kwa hadithi nzima. Kwa sauti ya mtu anayesimulia hamtasikia upungufu wa maana. Ile ya WAV itunzeni kwa ajili ya kuhariri, kwa kuwa MP3 ikihaririwa na kutolewa tena na tena huchakaa.

Je, ni vibaya kutumia akili bandia kuandika simulizi? Wenzangu wanafanya hivyo.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Kuandikiwa, tunakataa, na sababu zetu ziko kwenye maandishi yenyewe. Kiswahili chake mara nyingi ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu: "mwisho wa siku" kwa maana ya hatimaye, mtu "anacheza jukumu", kila kitu kinafanyika "kupitia" kitu kingine. Hubuni methali ambazo hakuna bibi aliyewahi kuzisema. Mzee wa Makunduchi kule Unguja anaongea kama mtangazaji wa Nairobi. Na mizani haiwezi kuaminika kuihesabu, kwa kuwa programu hizi hazisomi silabi. Hukata maneno vipande kwa namna yake, na *wanapotutembelea* inaweza kukatwa mahali ambapo hakuna silabi inayoishia.

Kuna kazi moja inayofaa. Ipe sehemu zako zote, iombe ikuorodheshee kila mhusika na kila jambo lililosemwa juu yake, umri, mavazi, jeraha. Kisha linganisha orodha hiyo na daftari lako, wewe mwenyewe. Ukiingia mashindano, soma masharti kwanza.

Assalaam aleikum. Babu yetu alikuja Oman kutoka Unguja na daftari la utenzi kwa hati ya Kiarabu. Nataka kuuandika kwa herufi za Kilatini na kuuweka kwenye intaneti ili watoto wausome. Nasoma Kiarabu vizuri lakini maneno mengi hayasomeki.
*Mjukuu, Muscat*

Wa aleikum salaam. Kujua Kiarabu ni nusu ya safari. Hati hiyo ilipochukuliwa kuandikia Kiswahili ilikuwa na irabu tatu kwa lugha yenye tano. Dhamma, alama ya irabu inayokaa juu ya herufi, ni *u* na *o*; kasra, inayokaa chini yake, ni *i* na *e*. Neno lililoandikwa kwa kaf (herufi ya *k*) mbili zenye dhamma laweza kuwa *kuku*, *koko* au *kuko*. Konsonanti nazo: katika uandishi wa kale ب ilibeba *b*, *p* na *mb*; ف ilibeba *f* na *v*; غ ilibeba *gh*, *g* na *ng*. Waliosoma daftari hili walikuwa tayari wanaujua utenzi kwa kuusikia, na maandishi yaliwakumbusha tu. Wewe unaanza na maandishi kwenda kwenye sauti, njia ambayo hayakutengenezewa.

Kwa hiyo tumia mizani kama taa. Kila kipande cha utenzi kina mizani nane, vitatu vya mwanzo vya ubeti vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi wote. Ukisoma kipande ukapata saba, huenda kuna *m* au *n* ya silabi ambayo haikuandikwa. Ukipata kina kisicholingana, rudi ujaribu *e* mahali pa *i*.

Kabla ya kusoma, piga picha. Mwanga wa mchana kivulini, bila flashi, kila ukurasa pamoja na jalada na kurasa tupu, kamera ikiwa sambamba na karatasi. Ukitumia skana, dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), ila usilikandamize daftari ikiwa mshono umelegea. Usibandike ukurasa uliochanika kwa selotepu, gundi yake hugeuka manjano na kula karatasi. Weka nakala mbili mahali pawili.

Kisha andika kwa safu mbili: kushoto ulichokiona herufi kwa herufi, kulia usomaji wako. Penye shaka weka alama ya kuuliza na uiache. Usisanifishe. Ukikuta *mato* usiandike *macho*, ukikuta *ndia* usiandike *njia*. Ni lahaja za kaskazini, na kina cha *-to* kikiwa *-cho* ubeti mzima umevunjika. Maelezo ya maneno yakae chini kwa ajili ya watoto. Ukikwama, miswada ya aina hii imehifadhiwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika chuo cha SOAS, London, na huenda utenzi wa babu una nakala nyingine ya kulinganisha.

Kabla ya kuamua kwamba kuna beti zilizopotea, tazama pembe ya chini ya ukurasa. Waandishi wengi wa hati hiyo waliweka hapo neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikifunguka zijulikane mfuatano wake; ni kazi ileile ya ILIPOISHIA. Linganisha neno hilo na mwanzo wa ukurasa unaofuata. Yakilingana, hakuna kilichopotea hapo na tatizo liko kwenye usomaji. Yasipolingana, karatasi imetoka au imeshonwa pasipo pake. Tafuta neno hilo mwanzoni mwa kurasa nyingine zote kabla ya kuandika kwamba halipo.